Katika Ncha ya Waya

Mtu akiifuata njia nzima ya umeme, tangu unapoingia nyumbani hadi unapochemsha maji ya chai, ataona kuwa sehemu iliyo ndefu kuliko zote, yaani waya wenyewe, ndiyo yenye udhia mdogo kuliko zote, na kwamba nyingi katika zile hitilafu zinazoanza kwa harufu ya plastiki iliyoungua na kuishia kwa kuitwa zimamoto hukaa katika sentimita moja ya mwisho, pale ambapo shaba huvuliwa ganda lake na kukabidhiwa skrubu. Makala hii inahusu sentimita hiyo moja. Imekusudiwa kwa ndugu zetu wakaao London, katika fleti za Woolwich, East Ham na Wembley, ambao kwa sababu ya ujira wa mafundi wa mji huu, au kwa sababu tu mikono yao haipendi kukaa bure, hujifungia wenyewe plagi, taa na nyaya za kuongezea. Na vilevile kwa wale wafungao mizigo ya kupeleka Mombasa, Unguja au Kampala, wakitaka vyombo walivyovinunua kwa jasho lao visije vikaunguza nyumba za wazazi wao.

Waya unaozikwa ukutani katika nyumba za Kiingereza za siku hizi, kwa saizi zilizo ndogo, ni wa shaba ngumu isiyogawanyika, mshipa mmoja kwa kila njia, nao ukishaingizwa katika tundu la kishikio na kukazwa skrubu, hutulia. Lakini waya wa pasi, wa taa ya mezani, wa cherehani au wa ekstensheni hauwezi kuwa wa namna hiyo, kwa kuwa shaba ngumu ikipindwa na kunyoshwa kila siku hukatika. Kwa hiyo hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja, na ule wa milimita za mraba 1.5, kwa mfano, aghalabu huwa na nyuzi 30, kila uzi ukiwa na unene wa robo milimita. Ulaini huo ndio fadhila yake na ndio fitina yake. Nyuzi 30 zikiingia chini ya skrubu inayozunguka, kila mmoja hutafuta njia yake: baadhi hukimbilia pembeni ambako skrubu haizifikii, baadhi husagwa na kukatika, na pengine mmoja hubaki nje ya tundu, umeelekea kwa waya jirani wenye rangi nyingine, ukingoja siku yake. Mwenye kufunga huona skrubu imekaza akaridhika. Lakini nyuzi zile, zikipata moto na kupoa, zikitikiswa na kuvutwa, hujipanga upya kidogo kidogo, na mkazo alioupima kwa mkono wake siku ya kwanza haupo tena siku ya mia.

Yafaa hapa tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu maneno haya yataonekana kuwa ni wasiwasi wa watu wazima. Hita ya kilowati 3, ambayo wengi wetu huiwasha usiku kucha katika baridi ya Januari, huvuta ampea 13 katika umeme wa volti 230. Joto linalozaliwa mahali popote katika njia ya umeme hupatikana kwa kuzidisha ukinzani wa mahali hapo kwa mraba wa mkondo unaopita. Na kwa hiyo kiungo kibovu chenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, kiasi ambacho mita za bei nafuu haziwezi hata kukisoma sawasawa, kitazaa kwa ampea 13 joto la takriban wati 17. Hizo ndizo nguvu za chuma kidogo cha kulehemu. Basi mwenye kiungo kama hicho ni kama mtu aliyefungia chuma cha kulehemu kinachowaka ndani ya plagi yake, kisha akazima taa akalala. Wala fyuzi haitamwokoa. Fyuzi ya ampea 13 hutazama wingi wa mkondo tu, na mkondo hapa haukuzidi kiwango chake halali hata chembe. Na kile kifaa cha kwenye bodi kinachokata umeme unapovujia ardhini nacho hakioni kitu, kwa sababu hakuna kilichovuja. Walinzi wote wawili wako kazini, na adui anapita katikati yao.

Mafundi wa zamani waliijua balaa hii, nao walikuwa na dawa yao, nayo ni kuichovya ncha yote ya waya katika lehemu mpaka nyuzi zikawa kitu kimoja, kisha kuikaza chini ya skrubu. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, na ni vigumu kumwambia mtu aliyekutangulia katika kazi kuwa dawa yake ni sumu; walakini ndivyo ilivyo. Lehemu ni madini laini, na madini laini yakikaa chini ya mgandamizo wa daima hutiririka polepole hata bila ya kupata moto, yakiikimbia skrubu hadi inapobaki imeshika hewa. Tena pale lehemu inapokoma ndani ya ganda, waya hupata mpaka mkali kati ya sehemu iliyo ngumu na sehemu iliyo laini, na kila ukitikisika hupindikia papo hapo, mwisho hukatika. Kanuni za nyaya za Uingereza, ambazo leo huitwa BS 7671 na ambazo toleo lake la 18 lilitoka mwaka 2018, zinakataza waziwazi waya wa nyuzi nyembamba uliochovywa lehemu ncha yake yote kutiwa katika kishikio cha skrubu. Na zinataka ama kishikio chenyewe kiwe kimeundwa kwa ajili ya nyuzi, ama ncha ya waya itengenezwe ipasavyo kabla ya kuingia.

Kanuni hizo zina nasaba ndefu. Za kwanza zilitolewa mwaka 1882, kwa nia ya kuzuia moto utokanao na taa za umeme zilizokuwa ngeni wakati huo, na chama cha wahandisi ambacho warithi wake hata leo wana makao yao Savoy Place, kando ya mto Thames. Ubavuni mwa jengo hilohilo, Savoy Hill, ndipo zilipokuwa studio za BBC tangu 1923 hadi 1932. Na mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo ndipo ilipo Bush House, ambamo Idhaa ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1957, ilisikizana na pwani yetu kwa miongo mingi. Kwa hiyo wazee waliokuwa wakiketi barazani Lamu kusikiliza habari za London walikuwa wakiisikia sauti iliyotoka mtaa mmoja na kanuni zilizowekwa kwa ajili ya plagi ya redio yao, ijapokuwa hakuna aliyewaambia.

Na kwa kuwa tumeitaja plagi: hadi sheria ya mwaka 1994 ilipolazimisha vyombo vya nyumbani viuzwe na plagi zake, ilikuwa desturi ya nchi hii kumwuzia mtu redio au pasi yenye waya mtupu, naye akatafuta plagi dukani na kuifunga kwa bisibisi yake mezani. Ndiyo maana wazee wetu waliofika hapa miaka ya sitini na sabini ni mahodari wa plagi kuliko watoto wao waliosoma vyuo vikuu. Lakini nyaya nyingi za siku zile zilitoka kiwandani zimechovywa lehemu nchani. Ukikuta chombo cha namna hiyo, kikiwa kimerithiwa au kimenunuliwa katika soko la vitu vikuukuu, ikate ncha ile yote, uitupe, uanze upya kwenye shaba safi.

Dawa iliyo bora kwa waya wa nyuzi ni mrija mfupi wa shaba uliopakwa bati, wazi pande zote mbili, wenye ukosi wa plastiki upande ule wa kuingilia, ambao mafundi huuita feruli. Nyuzi huingizwa humo, mrija ukaminywa juu yake kwa koleo maalumu, na kuanzia hapo skrubu haina tena shauri na uzi mmojammoja, bali huukandamiza mwili mmoja usiotawanyika wala kusagika. Ujerumani na Ulaya bara kwa jumla wameizoea sanaa hii, na mtu akifungua kabati la mitambo lililoundwa huko ataona ncha za rangi zimejipanga safu kwa safu. Waingereza wameikawilia, kwa sababu waya wao wa ukutani ni wa mshipa mmoja na hauihitaji, na kwa sababu, niseme kweli, fundi wa Kiingereza huamini kuwa aliyoyafanya babu yake yanatosha.

Rangi za feruli si pambo, zinaonyesha saizi. Lakini hapa pana mtego. Katika kawaida ya Kijerumani, iitwayo DIN 46228, waya wa milimita za mraba 0.75 hupewa feruli ya kijivu, wa 1 nyekundu, wa 1.5 nyeusi, wa 2.5 buluu, wa 4 kijivu tena, na wa 6 manjano. Wafaransa wana kawaida yao, na kwao buluu ni ya 0.75 na kijivu ni ya 2.5, kinyume kabisa. Na yule anayenunua kijisanduku cha feruli mia nane kwa bei ya sahani ya pilau hajui amepewa za nani. Kwa hiyo usiiamini rangi, isome namba. Pakiti ikiandikwa E1508, maana yake ni mrija wa waya wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa milimita 8. Saizi ya waya nayo huandikwa juu ya ganda lake lenyewe, kwa herufi ndogo ambazo msomaji wa umri wangu atazihitajia miwani.

Sasa tuje kwenye koleo, ambalo ndilo kiini cha jambo hili, na ndilo watu wanaloona ni la ziada. Koleo la kweli la feruli lina mtambo mdogo wa meno ambao ukishaanza kubana haukubali kufunguka mpaka taya zimefika mwisho wa safari yake. Kwa njia hiyo halimpi mwenye kulishika hiari ya kuchoka katikati. Hubana kwa umbo la mraba, au la pembe sita, au la tumbo pana na mgongo mwembamba, na kwa kishikio cha skrubu cha kawaida yoyote katika hizo itafaa, madhali feruli iliyobanwa inaingia katika tundu bila ya kulazimishwa. Plaisi ya kawaida, ile ya kung'olea misumari, hailingani nalo hata kidogo: huutandaza mrija bapa upande mmoja na kuuacha upumue upande mwingine, na kibaya zaidi, kwa nje huonekana umekaza. Nyuzi zilizo wazi angalau humwonyesha fundi zimetawanyika. Feruli iliyofinywa ovyo huzisetiri.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kwanza, bila shaka, chombo kichomolewe ukutani, plagi ikiwa mezani mbele ya macho yako. Pima mrija, ukiwa wa milimita 8, vua ganda kiasi cha milimita 10, kwani mbili zitakaa ndani ya ukosi wa plastiki. Tumia koleo la kumenyea nyaya, wala si kisu cha jikoni, na meno ya binadamu kabisa hapana, ingawa nimeyaona yakitumika na watu wazima wenye heshima zao. Kwani kisu kikikata nyuzi tano katika 30, umeupunguzia waya sehemu moja katika sita ya shaba yake, tena mahali palepale palipo dhaifu. Usizisokote nyuzi kwa nguvu kuliko zilivyosokotwa kiwandani: zilaze tu kama zilivyozaliwa, uzisukume ndani mpaka ganda likae katika ukosi na ncha za nyuzi zichungulie kidogo mdomoni mwa mrija. Ganda lisiingie ndani ya mrija wenyewe, maana hapo utakuwa umebana plastiki ukidhani umebana shaba. Weka katika tundu la koleo lililoandikwa saizi ile, bana mara moja mpaka koleo lijiachie lenyewe, kisha utazame: alama za taya zienee urefu wa mrija, pasiwe na ufa, wala uzi uliotoroka nyuma ya ukosi.

Kisha vuta. Vuta kwa nguvu ya kweli, si kwa adabu. Feruli ikichomoka, shukuru Mungu kuwa imechomoka mkononi mwako. Kata, vua upya, tia feruli mpya, na ile iliyokwisha kuminywa usiiminye mara ya pili. Ikishaingia katika kishikio na skrubu ikakazwa, vuta tena, kwani mvuto wa kwanza ulipima koleo na huu wa pili unapima skrubu. Na pale nyaya mbili zinapotakiwa kuingia tundu moja, zipo feruli pacha zenye ukosi mpana zilizoundwa kwa kazi hiyo. Kuzisukuma mbili katika feruli ya mmoja ni kujidanganya.

Nakaza sana maneno juu ya ubanaji kwa sababu mji huu una msiba ambao hauwezi kupitwa bila kutajwa. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, katika jengo la Grenfell Tower, North Kensington, moto ulianza katika jokofu la jikoni kwenye ghorofa ya nne, ukatoka dirishani, ukazishika kuta za nje zilizovikwa mabamba yenye kuwaka, na watu 72 wakapoteza maisha, wakiwamo wengi waliozaliwa Afrika. Mtaalamu wa umeme aliyetoa ushahidi mbele ya tume ya uchunguzi alikuwa na rai kwamba chanzo, kwa kadiri ya nadhari yake, kilikuwa kiungo cha waya kilichobanwa vibaya penye kompresa ya jokofu lile, kikapata joto hadi kikawaka; mtengenezaji alilipinga jambo hilo; na ripoti ya kwanza ya tume, ya mwaka 2019, ilithibitisha kuwa moto ulianza katika jokofu kwa hitilafu ya umeme, lakini haikuitambua hitilafu yenyewe, ikaona kuwa lililo zito zaidi ni jinsi kuharibika kwa chombo cha kawaida cha nyumbani kulivyoweza kuzaa maafa makubwa kiasi kile. Pale tume ilipojizuia kuhukumu, mimi sithubutu. Na dhahiri dhamana ya roho zile iko kwa waliozivika kuta, haiko katika kipande cha shaba. Lakini inatosha kwamba mtu mwenye elimu hiyo, akiwa ameapa, aliona kuwa ubanaji mbaya unaweza kuwasha jokofu. Kiungo alichokitaja hakikuwa feruli, kilikuwa cha jamii nyingine. Ila fizikia ni moja.

Si kila ncha inahitaji feruli, na mwenye koleo jipya hutamani kubana hata kamba za viatu. Waya wa mshipa mmoja usiutie feruli kamwe. Vile viungio vidogo vyenye wenzo wa kuinua na kushusha, ambavyo mafundi wa London wamevipenda, huzishika nyuzi nyembamba zikiwa tupu na kuzishika vyema. Plagi yenye kibati kinacholala juu ya nyuzi na kuzikandamiza sawasawa nayo haina haja. Fuata karatasi iliyokuja nayo. Feruli hupata kazi yake hasa pale skrubu inapozigusa nyuzi moja kwa moja, na pale kishikio cha springi kinapotaka waya usukumwe ndani, kwa sababu nyuzi laini hazisukumiki: vishikio vya kidhibiti cha joto, vya bodi ya kupokelea nyaya za mfumo wa kupasha nyumba joto, vya taa za dari, vya ugavi wa umeme wa mashine ndogo za mezani. Na usizichanganye feruli na zile pete za kufungia kwenye bolti zenye shingo nyekundu, buluu na manjano. Rangi zake zina maana nyingine, na koleo lake ni jingine.

Kuna mpaka pia wa sheria. Katika Uingereza tangu 2005 kazi kama ya kubadilisha bodi ya fyuzi au kuongeza njia mpya ya umeme nyumbani haifanywi kimyakimya. Hufanywa na fundi aliyesajiliwa, au hupewa taarifa mamlaka ya ujenzi ya mtaa. Plagi, taa ya mezani na ekstensheni ni zako. Yaliyo nyuma ya ukuta mwachie fundi. Na uliyepanga kwa mwenye nyumba binafsi, kanuni za mwaka 2020 zinamlazimu aukaguze umeme wa nyumba kila baada ya miaka mitano au chini ya hapo na akupe ripoti yake, iombe.

Nimalizie na mizigo. Plagi ya pini tatu za mraba ya hapa ndiyo ileile ya Kenya, Uganda, Tanzania na hata Oman, na kwa hiyo chombo chenye ncha mbaya husafiri na ubaya wake bila ya kizuizi chochote. Lakini kinachonitia hofu zaidi siku hizi ni vifaa vya sola, kwa sababu vina volti chache na ampea nyingi, na joto, kama tulivyohesabu, hufuata mraba wa ampea. Kigeuzi cha wati 300 katika betri ya volti 12 huvuta ampea 25. Kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu kitapoteza hapo wati 6 na robo, na robo volti itakuwa imeibwa kabla ya kufika kwenye taa. Nyaya za kazi hiyo ni nene na zenye nyuzi nyingi mno, na skrubu za kidhibiti cha chaji ni ndogo, hivyo feruli ni ya lazima kuliko popote pengine. Ukiwapelekea ndugu zako kidhibiti, tia ndani ya boksi feruli za saizi ya waya ule, pete za betri, na koleo lake. Fundi wa kijijini asiyepewa koleo atatumia plaisi, na lawama itakuwa yako. Andika kwa Kiswahili, kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya kifuniko, kwamba baada ya mwezi mmoja paneli itenganishwe kwanza, kisha betri, na kila skrubu ijaribiwe tena kwa bisibisi.